Mashine ya kufyekea inazima kila baada ya nusu saa, nati ya kisu imegoma na kisu kinazunguka chenyewe: niiuze?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Muheza mwenye shamba la michungwa, nalifupisha kidogo. Kanunua mashine ya kufyekea ya petroli, cc 52, imekuja kwenye boksi ikiwa vipande vipande, mdogo wake wa kiume akaiunganisha akisaidiwa na fundi pikipiki wa pale kijijini. Fundi akawaambia oili wakadirie tu kwa macho, na ile kinga ya plastiki ya chini waitoe kwa sababu inashika majani. Saivi mashine ikiwashwa kisu kinazunguka hata bila kugusa ekseleta, ikifika kama nusu saa inalegea nguvu afu inazima, na alipotaka kutoa kisu aweke kichwa cha kamba ya nailoni nati imegoma kabisa, spana mpaka imeteleza. Anauliza aiuze, au ampe fundi mwingine, na je mdogo wake aendelee nayo.

Habari dada. Usiiuze kwanza, ila mdogo wako asiiwashe tena mpaka mambo mawili yarekebishwe: kinga irudi, na kisu kiache kuzunguka chenyewe. Hayo mengine yote tutayafikia.

Nianze na nati maana ndo rahisi. Nati ya kisu kwenye mashine hizi karibu zote ni ya kinyume, thredi zake zimekatwa upande wa kushoto, makusudi, ili kisu kinapozunguka kisiifungue chenyewe. Kwa hiyo ile mnayodhani mnafungua mlikuwa mnazidi kuikaza, na ndo maana spana imeteleza. Fanyeni hivi: toeni kwanza kofia ya plagi (hii msiiruke, hata kama mashine imezima tangu jana), geuzeni mashine kisu kiwe juu, pale kwenye kichwa cha gia boksi kuna katundu pembeni, zungusheni kisu kwa mkono wenye glavu huku mnachomeka ile allen key ndogo au kijiti cha chuma kilichokuja kwenye boksi mpaka kizame, hapo kisu kinakuwa kimefungwa hakizunguki. Halafu mkiwa mnaiangalia nati uso kwa uso, zungusheni kufuata mshale wa saa, yaani upande ule ule ambao nati ya kawaida ungekuwa unaikaza. Kama mmeshaikaza sana pakeni mafuta ya kulainisha kutu, acheni saa kadhaa, tumieni boksi spana iliyokaa sawasawa na si koleo. Nati ikiwa imeshaviringika kona zake nunueni nyingine, ni kitu kidogo, na ile yenye plastiki ndani ikishakuwa inaingia kwa vidole bila kubana imeshakufa kazi yake. Na jamani kale kachuma ka kufungia kisu katolewe kabla ya kuwasha, nimeona gia boksi zilizopasuka kwa sababu hiyo tu.

Mkikirudisha kisu angalieni kitu kimoja ambacho watu wengi hawakioni. Ile sahani ya ndani, inayokaa kati ya gia boksi na kisu, ina duara limeinuka katikati, na tundu la kisu linatakiwa kukaa juu ya hilo duara barabara, kisu kisicheze hata kidogo kabla ya kufunga sahani ya nje. Kikikaa pembeni kidogo nati itabana vizuri tu na utadhani mambo safi, ila mashine itatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, na kisu kinaweza kuchomoka. Mtetemo mkubwa ukianza ghafla kazini maana yake ni kisu kimepinda, kimepasuka au kimelegea, hapo ni kuzima papo hapo. Kisu chenye ufa hakichomelewi. Najua mafundi wa kuchomea wapo na wanachomelea kila kitu, hiki hapana, ncha ya kisu cha sentimita 25 kikizunguka mara 7000 kwa dakika inakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa, sasa fikiria kipande kimetoka.

Sasa kinga. Fundi kasema inashika majani, ni kweli inashika majani, hasa yakiwa na umande. Lakini ukiiangalia mashine toka juu kisu kinazunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo upande wa kushoto ncha zinarudi kukuelekea wewe uliyeishika. Jiwe, kipande cha chupa, waya, kila kinachoguswa upande ule kinakuja kwenye miguu na uso. Kinga ndo ipo pale katikati. Na kwa upande wako kuna sababu ya pili, maana umesema unataka kuweka nailoni: kwenye ukingo wa kinga ya nailoni kuna kawembe kadogo kazi yake ni kukata kamba ikizidi urefu. Ukitoa kinga kamba inatoka ndefu inavyotaka, injini inabeba mzigo ambao haikutengenezewa, inachemka, inapoteza nguvu. Yaani mnaitoa kinga ili kazi iende haraka afu mashine inazidi kuwa nzito. Majani yakijaa zima, chomoa kofia ya plagi, toa kwa kijiti, endelea.

Na kamba iwe nailoni ya mashine hizi, milimita 2.4 au 3 kwa injini ya ukubwa huo. Kuna vijana wanafunga waya wa breki ya baiskeli au seng'enge eti haiishi haraka. Waya ukikatika vipande vinaruka kama risasi, hiyo hata sijadili.

Kisu kuzunguka chenyewe. Mashine ikiwa inanguruma bila kubonyezwa ekseleta, ile mafundi wanaita sailensa, kluchi haitakiwi kushika, kisu kinatakiwa kisimame kabisa. Kikizunguka kuna mambo matatu ya kuangalia, na naanza na lile ninalolishuku zaidi kwenu kwa vile imeunganishwa nyumbani: kebo ya ekseleta. Mlipofunga ule mkono wenye kibonyezeo kebo ikibanwa sana inakuwa imeshavuta kabureta kidogo muda wote. Kibonyezeo kinatakiwa kiwe na ulegevu wa kama milimita moja au mbili kabla hakijaanza kuvuta, kama hakina legezeni nati ya kurekebishia kebo pale kwenye kabureta. Kebo ikiwa sawa na bado kisu kinazunguka, tafuteni skrubu ya sailensa, mara nyingi imeandikwa T au LA, izungusheni kinyume cha mshale wa saa taratibu, robo robo, mpaka kisu kisimame na injini iendelee kuwaka. Ikifika injini inazima lakini kisu bado kilikuwa hakijasimama, basi springi ya kluchi imechoka au imekatika, hiyo ni ya kununua mpya. Skrubu zilizoandikwa L na H msiziguse. H ndo inayotoa mafuta mashine ikiwa kwenye kasi, mtu akiikaza kidogo tu mashine inalia vizuri inachangamka, watu wanafurahi, kumbe inapata mafuta machache na oili chache, na wiki hiyohiyo pistoni inakwaruzika.

Wakati mnaangalia kebo angalieni na nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye swichi. Hizo kazi yake ni kuzima. Zikiwa hazijaunganishwa mashine inawaka vizuri tu ila haizimiki kwa swichi, na siku ya shida ndo mtajua. Ikiwatokea hivyo vuteni choki ifunge, itazima.

Na kwa wengine mnaosoma ambao boksi bado halijafunguliwa, pale bomba refu la mashine linapoingia kwenye injini kuna shafti ndani yenye meno au ya mraba, msiilazimishe kwa kupiga. Sukuma taratibu huku mwenzako anazungusha kisu cha kule mwisho kwa mkono (mwenye glavu), meno yakikutana inazama yenyewe, halafu hakikisha tundu la kwenye bomba limelingana na skrubu ya kufungia. Skrubu ikikaza kwenye bomba tu bila kuingia tunduni, bomba litajizungusha katikati ya kazi.

Haya, mafuta. Hapa ndo penye injini nyingi zilizokufa, na hapa ndo sikubaliani kabisa na yule fundi wa kukadiria. Injini ya pikipiki ya Boxer anayoizoea yeye ni ya mipigo minne, ina oili yake chini, petroli inaingia peke yake. Hii yako ni ya mipigo miwili, haina sehemu ya oili, kinacholainisha pistoni na beringi ni ile oili iliyochanganywa na petroli na si kingine. Ikipungua chuma kinasuguana na chuma. Ikizidi plagi inakuwa nyeusi imelowa, moshi mwingi, ekzosi inaziba. Mashine nyingi za cc 52 za kichina kitabu chake kinasema 1 kwa 25, maana yake petroli lita moja oili mls 40, lita tano mls 200. Mashine kama za Stihl na oili yao inayotakiwa ni 1 kwa 50, nusu ya hapo. Fuata kitabu cha mashine yako, si cha jirani. Kama ile chupa ya kuchanganyia yenye mistari imepotea nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mls 20, ukivuta mara mbili umepata 40, kuliko kukadiria kwa kizibo.

Oili yenyewe iwe imeandikwa 2T, na kwenye chupa tafuta JASO FC au FD, hizo zinaacha masizi machache. Oili ya pikipiki ya 20W-50 haifai humu, haikutengenezwa kuungua. Oili ya injini za boti, ile imeandikwa TC-W3, nayo hapana, hata kama kwa sisi wa pwani inapatikana kirahisi, yenyewe ni kwa injini zinazopozwa na maji na hii inapozwa na upepo. Changanya kwenye dumu safi na si ndani ya tanki la mashine: petroli nusu kwanza, oili yote, funga tikisa, malizia petroli, tikisa tena, na kila unapojaza tikisa. Changanya ya kutosha wiki chache, ikipita mwezi petroli inaanza kuchoka na mashine inakuwa ngumu kuwaka.

Kujaza ni injini ikiwa imepoa, nje, sigara mbali, jiko mbali, halafu sogea mita tatu hivi toka pale ulipomwagia mafuta ndo uwashe. Kuwasha: swichi iwe on, kapira ka kusukumia mafuta ubonyeze mpaka uone mafuta yanapita, choki funga, mashine ilaze chini kisu kisiguse kitu, vuta. Ikikohoa mara moja tu fungua choki, vuta tena. Watu wanaendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa mpaka inazama mafuta afu wanasema mashine mbovu. Ikishazama toa plagi ikaushe, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi na kofia ya plagi ikiwa mbali, rudisha, washa na choki wazi.

Sasa mdogo wako mwenyewe. Gambuti au buti ngumu, suruali nzito kama jinsi, miwani ya kazi (miwani ya jua haihesabiki), na vizibo masikioni. Masikio watu hawayajali. Mashine hizi sikioni kwa anayeishika zinafika desibeli 100 na zaidi, na kipimo kinachopendekezwa Marekani kwa wafanyakazi, cha NIOSH (taasisi yao ya usalama na afya kazini), kinasema sauti ya 85 mtu avumilie saa nane, na kila zikipanda tatu muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 ni dakika 15 tu. Mtu anafyeka toka asubuhi mpaka adhuhuri bila kitu masikioni. Na wewe dada ukitaka kuishika mwenyewe ishike, hamna ubaya wowote, ila dera na mtandio unaoning'inia viache nyumbani.

Mkanda wa begani urekebishwe mpaka mashine ikining'inia yenyewe bila kushikwa kisu kinaelea kidogo juu ya ardhi, ndoano ikiwa chini kidogo ya nyonga ya kulia. Mikanda mingi ina sehemu ya kuchomoa haraka, aijaribu mara kadhaa kabla ya kuwasha ili siku moto au nyuki wakitokea mkono unajua pa kwenda. Kufyeka ni kutoka kulia kwenda kushoto, kwa upande wa kushoto wa kisu. Ile robo ya mbele upande wa kulia ikigusa kisiki au jiwe mashine inapiga teke, inatupwa ghafla kulia na nyuma na aliyeishika anazungushwa nayo, kwa hiyo sehemu hiyo asiikatie kabisa kitu kigumu. Watu wengine wakae mita 15, na watoto ndo usiseme, wanapenda kusogea kuangalia. Mtu akimfuata kwa nyuma kumuita asimguse bega, apite mbele kwa mbali aonekane. Kabla ya kuanza apite eneo lote kwa miguu na fimbo, aondoe chupa, waya, mawe, na fimbo hiyo inawashtua nyoka pia.

Kwenye michungwa nina neno la ziada ambalo hukuuliza. Msifyeke mpaka kwenye shina. Nailoni inaonekana laini lakini inachuna gamba la mti mchanga kwa sekunde chache, na mti ukichunwa mzunguko mzima unakufa, na hata kidonda kidogo pale chini karibu na udongo ndo mlango wa ule ugonjwa wa shina kutoa gundi. Kuzunguka shina, kama hatua moja hivi, palilia kwa jembe au kwa mkono, mashine ibaki kati ya mistari. Na kisu kisilambe udongo, acha majani ya kama sentimita tano, kisu kitakaa makali na ardhi haitabebwa na mvua za masika.

Matunzo ya kawaida si mengi. Filta ya hewa, ile ya sponji, kila baada ya kazi ya siku muitoe, kama ina vumbi ifuliwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe, ikauke kabisa. Mapezi ya silinda na pale upepo unapoingia kwenye kamba ya kuwashia yasafishwe majani kwa brashi. Gia boksi ya kichwani ina skrubu pembeni, kila baada ya kama saa 20 za kazi ifunguliwe iongezwe grisi, isijazwe mpaka inafurika, theluthi mbili inatosha. Kichwa kikiwa cha moto mpaka hakishikiki grisi imeisha. Plagi iangaliwe, rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye majimaji ni oili nyingi au filta chafu, nyeupe ni injini inachemka kwa mafuta machache. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Ikiwa haifanyi kazi mwezi au zaidi mwageni mafuta tanki liwe tupu, iwasheni izime yenyewe.

Nimeliacha lile la kuzima baada ya nusu saa mpaka mwisho kwa sababu kwa hayo yote hapo juu huenda likaisha lenyewe, ila kama litaendelea mtalitafuta kwa mpangilio huu, kuanzia lisilo na gharama. Mashine ikilegea, izime, ipumzike kidogo ipoe, halafu fungua kizibo cha tanki taratibu sana maana mafuta ya moto yana presha. Ukisikia hewa inaingia fyuuu, na ukiwasha inaenda vizuri tena, basi katundu ka hewa kwenye kizibo kameziba, tanki halipati hewa ya kuingia, mafuta hayaendi kwenye injini. Kasafishe au badilisha kizibo. Kama si hilo, vua kichungi kilichomo ndani ya tanki kwa waya wenye ndoano, kikiwa cheusi au kigumu badilisha, na angalia mipira ya mafuta kama imepasuka. Kama si hilo, fungua ekzosi. Mara nyingi kuna kawavu kadogo ka kuzuia cheche, na kwa hiyo oili yenu ya kukadiria sitashangaa kamejaa masizi mpaka hewa haitoki. Kasuguliwe kwa brashi ya waya karudishwe, kasitupwe, majani makavu ya Januari yanashika moto kwa cheche moja.

Na ekzosi ikiwa imeshafunguliwa chungulieni pale tunduni kwa tochi, vuta kamba polepole pistoni ipite. Ikiwa inang'aa na laini, shukuru, funga, tumia mchanganyiko uliopimwa na mashine itarudi. Ikiwa na mikwaruzo ya wima na kamba inavutika kirahisi bila kukinza, oili ilikuwa kidogo na silinda imeshaumia. Hapo ndo pa kwenda kwa fundi, tafuta wa misumeno na mashine za majani, na ununue silinda, pistoni na ringi kwa pamoja kama seti, akikuambia ataweka pistoni mpya kwenye silinda ileile iliyokwaruzwa mwambie asante ondoka na mashine yako.